Filamu ya mapanki (Darwin's Nightmare) ndo yenye utata kuliko zote, na kwa hili sirudi nyuma

Jumapili iliyopita tulikuwa kwa binamu yangu Tabata, tumekula pilau tumeshiba, wengine wameshaanza kusinzia kwenye makochi, alafu mjomba akatusomea kitu kwenye simu yake kikatukalisha pale mpaka saa tatu usiku. Alikutana na orodha ya filamu zenye utata kuliko zote duniani, akaanza kuisoma moja moja kwa sauti, na kila anayoisoma tunatazamana mana pale ndani nilikuwa mimi peke yangu niliyeziona baadhi, na mimi nimeziona kwa sababu ya kazi, nafanya kuediti video za harusi na sendofu na nikiwa sina kazi naangalia kila kitu kinachopatikana.

Kulikuwa na Salò, filamu ya mateso na uchi ya Pasolini, yule dairekta Muitaliano aliyeuawa Novemba 1975 kabla hata filamu yake haijaanza kuonyeshwa. Kulikuwa na A Clockwork Orange ya Kubrick ya 1971, ambayo magazeti ya Uingereza yaliihusisha na vijana wanaopiga watu mitaani mpaka Kubrick mwenyewe akaiondoa kwenye majumba ya sinema kule, ikakaa imefungiwa mpaka alipofariki 1999. Kulikuwa na Cannibal Holocaust ya 1980, hiyo dairekta wake Ruggero Deodato alipelekwa mahakamani Italia watu wakiamini ameua waigizaji kweli kweli, ikabidi awatafute awalete waonekane wazima (wanyama lakini waliuawa kweli mbele ya kamera, kuna kobe pale sikuweza kumaliza kumwangalia, nikaruka mbele). Na nyingine nyingi za namna hiyo.

Binamu akasema basi ndo hivo, utata ni damu na uchi, filamu ikiwa na damu nyingi na uchi mwingi inaingia kwenye orodha. Hapo ndo nilipokaa sawa. Mana kwangu mimi damu ya filamu ni rangi, uchi ni mtu kavua nguo kalipwa akaenda kwake. Watu wanashtuka wiki mbili alafu wanazoea. Mimi nilitaka tujadili filamu ambayo watu waliigombania kwa kuwa kuna kitu chao ndani yake, jina lao, dini yao, marehemu wao, chakula chao.

Mjomba akadakia kabla sijamaliza. Yeye aliitaja The Message, ile ya 1976 ya Moustapha Akkad kuhusu Mtume Muhammad na mwanzo wa Uislamu, na kwa watu wa rika lake naelewa, mana hiyo waliiangalia kwenye kanda za VHS kwa jirani mwenye deki, mwezi wa Ramadhani baada ya futari, nyumba nzima imejaa hadi barazani, na wazee waliokuwa hawajui Kiingereza wanasimuliwa na kijana mmoja aliyekaa mbele. Kwa mjomba ile filamu ni ibada kabisa, hataki kusikia neno. Na ukiangalia ilivyotengenezwa unaona jinsi Akkad alivyojitahidi, Mtume hayupo kwenye picha hata mara moja, sauti yake haisikiki, kamera ndo inakaa mahali pake na waigizaji wanazungumza na kamera. Alitengeneza mara mbili, moja ya Kiarabu na moja ya Kiingereza yenye Anthony Quinn kama Hamza, baba mdogo wa Mtume. Na bado ikazuiwa nchi kadhaa za Kiarabu, na Machi 1977 kundi la watu wenye silaha likateka majengo matatu Washington, mateka karibu 150, na moja ya madai yao ni kwamba filamu hiyo isionyeshwe. Kulikuwa na uvumi kwamba Quinn anaigiza kama Mtume mwenyewe. Uvumi ule haukuwa na ukweli hata chembe, angeiangalia mtu dakika kumi tu angejua, ila ndo hivo, waliokuwa tayari kuua kwa ajili yake walikuwa hawajaiona.

Hiyo nikaiweka akilini. Hawajaiona.

Kisha shemeji akaja na yake. Yeye ni wa Nairobi, kaolewa na binamu mwaka wa nne huu, na alikuwa kimya anakuna nazi ya kesho, akaweka mbuzi chini akasema "wacha niwaambie, nyinyi mnaongea ya Washington na Italia, si mnajua Rafiki?" Wengine walikuwa hawaijui. Akawaeleza, filamu ya Wanuri Kahiu ya 2018, wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, baba zao wote wawili ni wanasiasa wanaogombea kiti mtaani kwao. Ndo ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la Cannes, na kabla hata haijafika Cannes bodi ya filamu ya kwao ikaipiga marufuku, Aprili. Na shemeji alisisitiza kitu kimoja ambacho nadhani ndo kiini, kwamba tatizo halikuwa matusi wala uchi, bodi ilitaka mwisho ubadilishwe, walisema mwisho una matumaini mno, wangetaka wasichana wale waonekane wamejuta. Kahiu akakataa. Akaenda mahakamani, na Septemba 21 jaji akaondoa marufuku kwa siku saba tu ili filamu iweze kushindania nafasi ya kuiwakilisha Kenya kwenye Oscar.

Siku saba. Shemeji anasema alienda na dada yake pale sinema ya Prestige, Ngong Road, wakakuta tiketi za saa nane zimeisha, za saa kumi zimeisha, wakanunua za usiku wakakaa kwenye ngazi wanakunywa soda. Anasema ukumbini watu walikuwa wanalia na wengine wanacheka na kuna mama mmoja wa makamo alikuja peke yake na mkoba wake akakaa mstari wa mbele, filamu ilivyoisha akabaki amekaa mpaka taa zikawaka. Baada ya zile siku saba marufuku ikarudi. Nchi nzima walikuwa wanaijadili redioni na kanisani na kwenye matatu, na ukimuuliza anayeongea kwa ukali kuliko wote kama ameiona, hajaiona, na asingeweza kuiona hata angetaka. Mjomba hapo alikunja uso, hapendi habari hizo kabisa na alisema, na shemeji akamjibu kwa heshima tu "mjomba, mimi sikuulizi kama unaipenda, nakuuliza kama ina utata," na mjomba akakubali kwamba ina utata. Sote tukacheka kidogo, hali ikatulia.

Alikuwepo pia bibi mmoja jirani wa binamu, mzaliwa wa Unguja, sote tunamwita bibi, huwa anakuja Jumapili kula na sisi. Yeye hakuchangia mpaka mtu mmoja alipotaja filamu za Wazungu kuhusu Afrika. Akasema kuna moja haitazami mpaka anaingia kaburini, na sote wenye umri fulani tukajua ni ipi. Africa Addio ya 1966, ya Waitaliano wawili, Jacopetti na Prosperi. Hawa jamaa walizunguka bara zima kipindi cha uhuru wakitafuta vifo, na baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964 walirusha ndege juu ya Unguja wakapiga picha kutoka angani, maiti chini, watu wanakimbilia ufukweni. Na Kongo nako waliwapiga picha watu wakiuawa mbele ya kamera mpaka Italia wakafunguliwa uchunguzi kama wao wenyewe hawakuhusika kupanga mauaji yale ili picha zitoke vizuri, wakaondolewa hatia. Berlin Magharibi wanafunzi wa Kiafrika na wenzao wa Kijerumani waliandamana ndani ya ukumbi mwaka huo huo wa 1966 ili isionyeshwe. Sauti ya msimuliaji kwenye ile filamu inasema kwa lugha zote isipokuwa kutamka wazi kwamba Mwafrika bila Mzungu ni huu ndo mwisho wake. Ni filamu chafu. Nasema hivo nikiwa nimeiangalia yote.

Lakini ile sehemu ya Unguja ni shida ya peke yake, mana klipu zake mpaka leo zinazunguka kwenye simu, na mmoja anaituma kama ushahidi wa msiba wa kwao uliokaa bila kutajwa, mwingine anaituma ili kutukana, mwingine anasema ni ya kubuni, na wote wanaigombania ile ile ndege ya Waitaliano wasiotupenda. Bibi alisema maneno machache tu. Alikuwa msichana mdogo mwaka ule. Akasema "wale waliolala pale chini kila mmoja alikuwa na mama yake, na hao waliokuwa juu hawakushuka kuuliza majina." Hatukuendelea na hiyo. Binamu aliamka akaenda kutengeneza chai.

Kwa kweli kama kuna filamu inayoweza kuishinda yangu ni hiyo, na sikubishana na bibi, ila mimi ya kwangu naijua kwa ndani na ndo nitakayoitetea.

Filamu yangu ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya 2004. Sisi wa Mwanza hatuiiti hivo, tunaiita filamu ya mapanki.

Kwa wasiojua, panki ni kile kinachobaki sangara akishatolewa minofu kiwandani. Kichwa, mgongo, mkia, na nyama kidogo iliyoshikana na mifupa. Minofu inawekwa kwenye barafu inapanda ndege kwenda Ulaya, mabondo (kile kifuko cha hewa tumboni mwa samaki) yanaenda kwa wafanyabiashara wao kivyake mana ni bei kubwa sana, na mapanki yanatoka kwa lori yanauzwa. Mama yangu aliyauza. Nimekulia Mabatini, mtaa wa pale Mwanza, na nimekua nayo, asubuhi sana anaenda kuchukua, anarudi na beseni kichwani kanga yake imelowa mgongoni, anayaosha mara tatu, chumvi, kisha kwenye karai kubwa mafuta yakiwa yamechemka mpaka ukidondosha tone la maji yanalia. Panki likiingia linajikunja. Ukilitoa mapema linakuwa laini linanuka, ukichelewa mfupa unakuwa mkavu hauna utamu, kuna dakika yake na mama aliijua kwa mlio tu bila kutazama. Jioni wateja wanapanga foleni, watu wa gereji, makuli, walimu pia, jirani zetu wenye vyeo vyao pia walituma watoto na sahani iliyofunikwa. Kwa ugali na kachumbari. Mimi nimesoma kwa hiyo hela.

Sasa ile filamu. Sauper ni mtu wa Austria, alikuja Mwanza na kamera ndogo, akazunguka na marubani wa zile ndege kubwa za mizigo za Kirusi, Ilyushin, mwenyewe amewahi kusimulia kwamba ilibidi wajifanye watu wa ndege ili wapite. Karibu na mwanzo tuko ndani ya mnara wa kuongozea ndege pale uwanja wa Mwanza, jamaa anapigana na wadudu wanaotua kwenye kioo huku redio ya mawasiliano inakoroma. Pembeni ya njia ya kurukia kuna mabaki ya ndege zilizoanguka. Baadae tunamwona Raphael, mlinzi wa usiku wa kituo cha utafiti wa samaki, ana upinde na mishale ya sumu, analipwa dola moja kwa usiku, na nafasi ile ameipata kwa kuwa mlinzi aliyemtangulia aliuawa. Anasema kwa utulivu kabisa kwamba vita ikija ni nafuu mana jeshini wanalipa vizuri. Tunamwona Eliza, msichana anayekaa na marubani, anaimba Tanzania Tanzania nakupenda kwa moyo wote, sauti yake nzuri, anasema angependa kusoma. Kabla filamu haijaisha ameshauawa na mteja wake, Mzungu wa Australia. Tunaona watoto wa mitaani wanagombania sufuria ya wali kwa ngumi. Na tunaona mapanki, yamerundikwa kwenye tope nje ya mji, funza wanatembea, mama mmoja amesimama katikati na jicho limeharibika kwa hewa ile ya samaki waliooza.

Na juu ya yote kuna swali analouliza kila rubani, ndege zikija Mwanza zinakuja na nini? Wanasema zinakuja tupu. Anauliza tena. Mwishoni rubani mmoja anafunguka, kwa huzuni, kwamba aliwahi kupeleka Angola vitu vikubwa kama vifaru, kisha akaenda Johannesburg akapakia zabibu kwenda Ulaya, kwamba watoto wa Angola Krismasi walipata bunduki na watoto wa Ulaya wakapata zabibu. Silaha yenyewe huioni popote kwenye filamu. Hata moja. Unaisikia tu.

Ulaya waliipokea kwa mikono miwili, ilipata tuzo ya César Ufaransa, ikafika mpaka orodha ya mwisho ya Oscar ya dokumentari mwaka 2006 ikashindwa na filamu ya pengwini. Na mwaka huo huo wa 2006 huku kwetu moto ukawaka. Rais Kikwete aliishutumu hadharani kwamba imelichafua jina la nchi. Mwanza watu wakaandamana. Mwandishi mmoja wa habari aliyeonekana kwenye filamu akajikuta matatani na vyombo vya dola. Ufaransa kwenyewe mwanahistoria mmoja, François Garçon, akaandika kitabu kizima kumpinga Sauper, wakapelekana mahakamani, na 2008 mahakama ya Paris ikampa Sauper ushindi kwenye kesi ya kukashifiwa.

Mimi nilikuwa darasa la sita. Siku ya maandamano tulisikia kelele tukiwa darasani, na kesho yake shuleni neno mapanki likageuka tusi. Mtoto wa mapanki. Nilipigana mara mbili wiki ile. Wateja wa mama walipungua ghafla, wale waliokuwa wanatuma watoto na sahani iliyofunikwa wakaacha kutuma, mana redioni waliambiwa mapanki ni chakula cha mifugo, Mtanzania hali mapanki, huo ni uongo wa Mzungu. Mama alisikia hilo akiwa anageuza panki kwenye karai. Serikali inasema halili mtu, na kwa Mzungu wanasema linaliwa na watu wasiokuwa na jingine, na yeye amesimama katikati na kijiko chake, mteja wake wa kwanza ni fundi gereji ambaye anakula panki kwa kuwa ni tamu na ni bei yake.

Watu wa nje wanadhani tuliandamana kwa kuwa tulilishwa maneno na serikali. Wengine ndio, sikatai, na wengi hawakuwa wameiona, kama wale wa Washington na kama wale wa Nairobi. Ila kulikuwa na kitu kingine ambacho mtu wa ziwani anakijua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya iliwahi kufunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, mara kwa kipindupindu mara kwa habari za sumu, na mji ule uliinama. Viwanda vikasimama, wanaume wakarudi nyumbani mchana, mialo, pale mitumbwi inaposhushia samaki, ikakaa kimya. Kwaiyo tuliposikia kuna filamu Ulaya na kuna Wafaransa wanasema tususie sangara, sisi hatukusikia habari ya filamu, tulisikia mlango unafungwa tena. Aliyesema atasusia alikuwa na nia njema kabisa, alitaka kutusaidia. Asingekula samaki Ijumaa moja akajisikia vizuri, na huku jirani yangu asingelipa ada.

Nilikuja kuiona chuoni, 2014, mwenzangu alikuwa nayo kwenye flashi. Niliingia nimejiandaa kuichukia. Na kwa kweli nilishindwa kuichukia kama nilivyotaka, mana kila nilichokiona nilikuwa nakijua. Watoto wale wanaoyeyusha vifungashio vya samaki ili wavute moshi walale, niliwajua, si kwa majina ila walikuwa wanalala karibu na soko na tulikuwa tunawapita asubuhi tukienda shule tukiwa tumevaa sweta. Sikuwahi kuwauliza kitu. Sauper aliwauliza. Hilo lazima nimpe, alikaa na mlinzi usiku kucha, alikaa na wale wasichana, hakuna mmoja wetu aliyefanya hivo na kamera au bila kamera.

Ila sasa mimi kazi yangu ni kukata na kuunganisha picha, na kwa jicho hilo naona alichofanya. Kila picha ni ya kweli, mpangilio ni wa kwake. Anaonyesha minofu myeupe inapakiwa kwenye boksi safi, kisha hapo hapo panki lenye funza. Katikati ya hizo picha mbili kuna siku nzima, kuna mama kama wangu anayeosha mara tatu, kuna karai, kuna foleni ya jioni na watu wanataniana, hiyo ameikata. Yale ya kwenye tope yapo, hayo ya kukauka juani na ya kwenda kwenye chakula cha kuku pia yapo, na ya mama yangu yapo. Ukiweka moja ukaacha mengine hujasema uongo na bado mtu atakayeangalia ataondoka na mji ambao haupo. Mji mzima kwenye filamu ile hauna mtu anayecheka bila kuwa amelewa. Na silaha, unaunganisha sauti ya rubani na picha ya ndege inatua na mtazamaji mwenyewe anamalizia. Mimi nafanya hivo hivo kwenye harusi, naweka picha ya bwana harusi anatabasamu alafu ya bibi harusi anaingia, kumbe tabasamu lile lilikuwa la saa mbili baadae wakati wa keki. Najua nguvu ya mkato.

Ndo mana nasema utata wake ni mkubwa kuliko wa hizo nyingine zote alizosoma mjomba. Kwenye Salò hakuna mtu nyumbani kwake anayesema hiyo ni sahani yangu. The Birth of a Nation ya 1915 yenyewe, ambayo iliamsha upya Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi wa Marekani, na ni aibu mpaka kesho, hiyo haina utata kwangu, ni uongo mtupu na ubaya wake uko wazi, unaulaani unaondoka. Hii ya mapanki huwezi kuilaani ukaondoka, na huwezi kuisifia ukaondoka. Ina ukweli ambao sisi wenyewe tulikataa kuusema, na ina dhulma kwa watu wale wale inaowaonea huruma. Na walioilipia siyo Sauper wala waliompa tuzo wala waliomshutumu kwenye majukwaa. Mwandishi aliyesimama mbele ya kamera kwa jina lake alilipa. Mapato ya mama kwa miezi karibu minne yalilipa, na mwaka ule mdogo wangu alikaa nyumbani muhula mzima.

Mwaka juzi nilienda likizo Mwanza na laptopu nikamwonyesha mama. Sikumlazimisha, yeye mwenyewe aliomba baada ya miaka yote hiyo. Alikaa kwenye mkeka ameegemea ukuta, miwani yake, na akaangalia tofauti kabisa na nilivyoangalia mimi. Wale waliokuwa mbele ya kamera hakuwajali sana, alikuwa anawatafuta wa nyuma. Ananiambia simamisha, rudisha, yule mwenye kitenge cha njano siyo mama fulani? Rudisha tena. Ile sehemu ya Eliza anaimba alinyamaza, kisha akasema taratibu "binti wa watu." Kwenye mapanki ya tope nilitaka kupeleka mbele, akanishika mkono. Akaangalia yote. Akasema haya ni ya kweli, kulikuwa na kule, sisi hatukuchukulia kule. Kisha akasema kitu ambacho nilikiandika kwenye simu usiku ule ule, "sisi hatukula mabaki, tulikula samaki ambaye wenzetu walimpunguza." Akauliza kama huyo Mzungu aliwapatia wale watu nakala. Nikamwambia sijui. Akasema basi mimi nikampigie nakala moja ampelekee rafiki yake wa Igogo, mana yule wa kitenge cha njano ana uhakika naye.

Haya yote niliwaeleza pale Tabata, kwa kirefu kuliko hapa, chai imepoa. Mjomba akasema ya kwako nzito lakini mimi nabaki na ya kwangu. Shemeji akasema angekuwa na kura mbili angenipa moja. Bibi hakupiga kura. Tulichokubaliana ni kimoja tu, kwamba mara ijayo hakuna kubishana juu ya filamu ambayo hatujaiangalia wote pamoja, na kwaiyo Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao nakuja na projekta yangu ya kazini na shuka jeupe, tunaanza na The Message kwa heshima ya mjomba, na mwezi unaofuata mapanki, mama atakuwa amekuja kumwona mjukuu na amesema anakuja na karai lake mwenyewe.